Mgema na Msifu: Lugha ya Uhakiki wa Wiski na Msamiati wa Ladha katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya majivuno, kwamba mtu akisifiwa kupita kiasi huiharibu kazi yake. Maana hiyo ni sahihi. Hata hivyo, ni mara chache mwanafunzi huulizwa autazame upande wa pili wa methali. Huyo aliyemsifu mgema alikuwa nani? Je, alilionja tembo lenyewe? Na sifa zake zilikuwa za maneno gani, hata zikamfanya mgema aamini kwamba maji hayatagundulika? Methali nyingine, "Asifuye mvua imemnyea," hujibu sehemu ya maswali hayo, kwani inamtaka msemaji awe ameyapitia yale anayoyasema. Zikiwekwa pamoja, methali hizi mbili huunda nadharia fupi ya uhakiki: mhakiki hupata haki ya kusema kutokana na kuonja, na usemi wake humrudia mtengenezaji, ukamjenga au ukampotosha.

Mhadhara huu unaipima nadharia hiyo kwa mfano wa mbali na pwani ya Afrika Mashariki, nao ni uonjaji wa wiski ya Uskoti na ile ya jimbo la Kentucky, Marekani. Kusudi si kuhimiza unywaji. Wasemaji wengi wa Kiswahili wanafuata imani inayoharamisha kileo, na hakuna lolote katika hoja hii linalowataka waiache. Wiski imechaguliwa kwa sababu ni kinywaji ambacho, kwa muda wa karibu nusu karne, kimejengewa lugha ya uhakiki iliyo pana na yenye utaratibu. Swali la msingi ni hili: je, Kiswahili kina zana za kufanya kazi ya namna hiyo, na kama kinazo, mbona hazitumiki?

2.0 Neno "moja" na mgogoro wake

Wapenzi wa wiski huvienzi vinywaji vya aina mbili ambavyo Kiingereza huvipa sifa ileile ya "umoja". Cha kwanza ni kile cha Uskoti kinachotokana na kimea cha shayiri. Kwa mujibu wa kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009, kinywaji hicho hutengenezwa katika kiwanda kimoja tu, kwa kimea cha shayiri, maji na hamira bila nafaka nyingine. Hukenekwa, yaani huchemshwa hadi mvuke utoke kisha mvuke huo hupozwa uwe maji tena, katika vyungu vya shaba. Baadaye hulazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na hakiruhusiwi kuuzwa kikiwa na kileo chini ya asilimia 40. Cha pili ni bourbon ya pipa moja. Bourbon hutengenezwa kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, na hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Mapipa hayo kwa kawaida hubeba takriban lita 200. Inapoitwa ya pipa moja, maana yake ni kwamba chupa ilijazwa kutoka pipa hilo pekee, pasipo kuchanganywa na mengine.

Hapa sarufi ya Kiswahili hutoa huduma ambayo Kiingereza hakiitoi. Mzizi "-moja" husubiri nomino ya kupatana nayo, na mfasiri hulazimika kuitaja. Akisema "wiski ya kimea kimoja" atakuwa amekosea, kwa kuwa umoja hauhusu kimea. Itampasa aseme "wiski ya kimea ya kiwanda kimoja" kwa ile ya Uskoti, na "wiski ya pipa moja" kwa ile ya Kentucky. Wiski ya kiwanda kimoja yaweza kuwa imechanganywa kutoka mapipa mengi ya kiwanda hicho. Ya pipa moja haichanganyiki kabisa. Tofauti ambayo mnunuzi wa Kiingereza hufundishwa kwa maelezo, msemaji wa Kiswahili huipata katika upatanisho wa kisarufi.

Si jambo dogo. Mwaka 2003 wamiliki wa kiwanda cha Cardhu, katika eneo la Speyside, walikuta kwamba wiski yao inatakiwa sokoni, hasa Hispania, kuliko kiasi kilichokuwamo ghalani. Wakaamua kuichanganya na vimea vya viwanda vingine. Chupa ilibaki karibu ileile na jina likabaki lilelile, ila neno lililomaanisha "kimoja" liliondolewa na mahali pake pakawekwa neno lenye maana ya "safi". Watengenezaji wenzao waliteta kwamba mnunuzi anahadaiwa kwa neno moja, na mwaka 2004 kinywaji hicho kiliondolewa. Kanuni za mwaka 2009 zikalipiga marufuku neno hilo la "safi" kwenye wiski za kimea na kuagiza kwamba mchanganyiko uitwe mchanganyiko. Mwanaisimu atauona hapa mfano adimu wa semantiki iliyofikishwa mbele ya sheria, ambapo mabadiliko ya kivumishi kimoja yalihesabiwa kuwa ni kulitia tembo maji.

3.0 Pua kabla ya ulimi

Uhakiki wa wiski hufuata hatua nne: rangi, harufu, ladha mdomoni, na kile kinachobaki baada ya kumeza. Utaratibu huu ulienezwa sana na mwandishi Mwingereza Michael Jackson (1942–2007), ambaye kitabu chake cha mwongozo wa wiski za kimea kilitoka mara ya kwanza mwaka 1989. Humo kila kinywaji kilipewa maelezo mafupi na alama kati ya 100. Kabla yake, mwaka 1979, watafiti wa wiski huko Uskoti walikuwa wamekwisha kuchora gurudumu la ladha, ambalo katikati yake kuna makundi makuu ya harufu na pembeni kuna maneno mahsusi zaidi. Nia yao ilikuwa kwamba waonjaji wawili wanapotumia neno moja, wawe wanakusudia kitu kimoja.

Katika hatua hizo nne, harufu ndiyo mhimili. Wataalamu wanaochanganya wiski viwandani hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa pua bila kumeza, na mara nyingi sampuli hupunguzwa kwa maji hadi kileo kifike takriban asilimia 20 ili kisiumize pua. Bilauri ya Glencairn, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, ina tumbo pana na mdomo mwembamba kwa sababu hiyohiyo ya kuikusanya harufu. Rangi, kwa upande wake, ni shahidi asiyeaminika kikamilifu. Wiski ya Uskoti huruhusiwa kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, ilhali bourbon hairuhusiwi. Kwa hiyo mhakiki anayeona rangi ya kaharabu nzito na kuhitimisha kwamba kinywaji ni cha miaka mingi aweza kuwa ameisoma karameli badala ya mwaloni.

4.0 Hazina iliyomo katika Kiswahili

Hudhaniwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya ladha. Dhana hiyo huchochewa na neno "kali", ambalo limetwishwa mzigo mzito mno. Ndimu ni kali, pilipili ni kali, tumbaku ni kali, na pombe ni kali, sawasawa na kisu, jua na mwalimu. Mhakiki atakayeandika kwamba wiski fulani ni kali atakuwa hajasema lolote. Lakini upungufu huo ni wa mwandishi, si wa lugha. Pilipili huwasha, kileo huchoma, moshi hukereketa koo, ndimu ina uchachu, mwarobaini una uchungu, na ndizi mbichi ina ukakasi unaoukaza ulimi. Haya ni maneno sita kwa mambo sita, na kila moja lina kazi katika kuieleza wiski. Ukakasi, kwa mfano, ndiyo hisia hasa inayoachwa na pipa lililolazwa muda mrefu kupita kiasi, wakati tanini za mti zimeshinda utamu wa nafaka.

Katika harufu, Kiswahili hutofautisha kwa vitenzi. Kinachonuka si kinachonukia, na kiambishi kimoja chatosha kutoa hukumu. Zaidi ya hapo kuna nomino kama shombo la samaki, uvundo wa kitu kilichooza, na kikwapa cha mwili. Vilevile kuna kitenzi "kufukiza", ambacho chaeleza jambo la msingi katika wiski za kisiwa cha Islay. Huko shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mabwawa uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Wahakiki wa Kiingereza huzieleza wiski za viwanda vya Laphroaig na Ardbeg kwa kutaja lami, dawa ya vidonda na mwani. Mkazi wa Paje au Jambiani, ambako mwani hulimwa na kuanikwa, hahitaji kuelezwa harufu hiyo ni ipi. Naye aliyekulia katika nyumba ambayo vyombo vya maji vilifukizwa ubani anafahamu kwamba moshi waweza kuwa kiungo, wala si ishara ya kuungua tu.

Kuna ulinganifu ulio wa ndani zaidi, kwa kuwa unatokana na kemia. Mti wa mwaloni ukipashwa moto hutoa yujino, ambayo ndiyo dutu kuu inayoipa karafuu harufu yake. Mwaloni wa Marekani una pia laktoni zinazonukia kama nazi. Kwa hiyo mhakiki anayeitaja karafuu au nazi hafanyi tashbihi tupu, bali anakitaja kitu kilichomo. Mwandishi wa London huzitaja kutokana na kopo la viungo, ilhali Mpemba huijua karafuu mbichi, karafuu inayoanikwa, na makonyo yake, kama vile mpishi wa Lamu ajuavyo tui la kwanza, tui la pili na chicha. Gurudumu la ladha lililochorwa Pemba lingekuwa na ncha nyingi zaidi mahali hapo kuliko lile la Uskoti. Hata kuchoma chombo kwa ndani si jambo geni Afrika Mashariki. Wakalenjini wa Kenya hukipaka kibuyu mkaa wa mti maalumu kabla ya kutia maziwa ya mursik, na mkaa huo huathiri ladha na rangi ya maziwa.

5.0 Maji ya mgema

Tatizo la kuhakiki wiski ya pipa moja ni kwamba kinachohakikiwa hakirudii. Mwaka 1984 Elmer T. Lee, mtaalamu wa kiwanda kilichoko Frankfort, Kentucky, kinachojulikana leo kama Buffalo Trace, aliitoa bourbon ya Blanton's, ambayo lebo yake hutaja namba ya pipa na tarehe ya kumiminwa. Pipa lililokaa ghorofa ya juu ya ghala hupata joto kali la kiangazi na hukolea tofauti na lililokaa chini. Likiisha, limekwisha. Hali hii yafanana na fanani wa ngano, ambaye usimulizi wake wa usiku wa leo si ule wa jana. Mhakiki mwaminifu hutaja namba ya pipa alilolionja, kama mtafiti wa fasihi simulizi anavyotaja fanani, mahali na tarehe. Asipofanya hivyo, sifa zake zitahamishiwa mapipa ambayo hakuyaonja, na mvua itakuwa imemnyea mwingine.

Sifa zilizohamishwa hivyo zina nguvu sokoni. Mwezi Februari 2013 watengenezaji wa bourbon ya Maker's Mark walitangaza kwamba mahitaji yameipita akiba yao, na kwamba watapunguza kileo kutoka asilimia 45 hadi 42 kwa kuongeza maji. Walieleza kuwa ladha haitabadilika. Wateja walilalamika, na kabla mwezi haujaisha uamuzi ukabatilishwa. Ni vigumu kupata ufafanuzi ulio kamili zaidi wa methali ya mgema. Tofauti ni kwamba mgema huyu alitangaza mapema, na wanywaji walikuwa na kipimo na maneno ya kumjibu.

Hata hivyo, maji yenyewe si adui. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman, watafiti wa Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, dutu yenye harufu ya moshi, huzama ndani ya kinywaji kileo kinapokuwa kingi, lakini kileo kikishuka hadi asilimia 45 au chini yake hupanda juu, karibu na pua. Matone machache ya maji huweza basi kuifungua wiski. Mwonjaji anayetia maji kwa mkono wake, akijua anatafuta nini, hafanyi kosa la mgema. Methali hailaani maji. Inalaani maji yaliyotiwa kwa imani kwamba msifu hataweza kuyatambua.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejenga hoja kwamba Kiswahili kina sarufi inayodai usahihi, kina vitenzi na nomino za kutenganisha ladha na harufu, na kina methali zinazobeba maadili ya uhakiki. Kinachokosekana ni mazoea ya kuziweka zana hizo kazini kwa maandishi. Pengo hilo halimgusi mnywaji wa wiski peke yake. Chai ya Afrika Mashariki huonjwa na kupangiwa daraja kabla ya mnada wa Mombasa, na kahawa huonjwa kabla ya kununuliwa, kwa istilahi zilizojengwa kwa Kiingereza. Mkulima anayeambiwa kwamba zao lake limeshuka daraja hupokea bei, lakini huenda asipokee neno la kumweleza kama kasoro ni uchachu, moshi, uvundo au ukakasi. Bila neno hilo hawezi kuirekebisha kasoro, wala hawezi kumbishia aliyeonja.

Wanafunzi wa istilahi na leksikografia wana kazi ya kufanya hapa, nayo yaweza kuanzia sokoni Chake Chake, katika viwanda vya chai na jikoni kwa akina bibi, ambako maneno haya bado yanatumika kila siku bila kuandikwa. Mgema hukomeshwa na mnywaji anayejua ladha ya tembo na aliye na neno la kuitaja.