Anwani Kwanza: Mafunzo kutoka Nje kuhusu Kuwahudumia Watu Wasio na Makazi

(Mada kwa maofisa ustawi wa jamii, watendaji wa mitaa na asasi za kiraia)



1.0 Utangulizi

Waandaaji wamenipa mada pana: tujifunze nini kwa nchi ambazo jamii zake zimeshika nafasi kubwa katika kuwasaidia watu wasio na makazi. Nitapita haraka Finland, Ufaransa na Italia, kisha nitakaa kwenye jambo moja ambalo nimehangaika nalo miaka yote ya kazi yangu: asiye na makazi hana anwani, na asiye na anwani hahudumiwi. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

2.0 Fasili

Fasili za ukosefu wa makazi mnazijua. FEANTSA, muungano wa mashirika ya Ulaya yanayohudumia wasio na makazi, hutaja makundi manne: wanaolala nje, wanaolala kwenye hifadhi za muda, wanaoishi kwa wasiwasi wa kufukuzwa, na wanaoishi mahali pasipofaa kwa binadamu. Leo nazungumzia watu wazima wa kundi la kwanza, wale wanaolala barazani, stendi na sokoni.

3.0 Uzoefu wa nje

3.1 Finland. Tangu mwaka 2008 serikali, manispaa na asasi zimekuwa zikimpa mtu nyumba kwanza, kisha matibabu na ushauri vinamfuata humo humo. Hatakiwi kuacha pombe ndipo apewe ufunguo. Anasaini mkataba wa upangaji kwa jina lake na kulipa kodi, akisaidiwa na ruzuku ya makazi. Helsinki ilikuwa na vitanda 558 vya hifadhi za muda mwaka 2008. Kufikia 2016 vilibaki 52. Majirani wengi walipinga nyumba hizo, kwa hiyo wafanyakazi wakaenda kuzungumza nao, na wapangaji wakashiriki kusafisha mitaa na bustani za jirani. Tatizo halikuisha, na mwaka 2024 idadi ilianza kupanda tena.

3.2 Ufaransa. Sheria inamruhusu mtu asiye na makazi ya kudumu kuchagua anwani kwenye kituo cha ustawi wa jamii cha manispaa, au kwenye asasi yenye kibali. Barua zake hufika hapo, na kwa anwani hiyo anaomba kitambulisho, posho za serikali na kuandikishwa kupiga kura. Hati ya anwani hiyo hudumu mwaka mmoja na huhuishwa. Akipotea miezi mitatu mfululizo bila sababu, inaweza kufutwa.

3.3 Italia. Tarehe 31 Januari 1983 mwanamke mzee, Modesta Valenti, alifariki kwenye stesheni ya Termini, Roma, alikokuwa akilala. Wahudumu wa gari la wagonjwa walikataa kumpakia kwa sababu alikuwa na chawa. Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na Andrea Riccardi mwaka 1968, humkumbuka kila mwaka. Jiji nalo liliingiza kwenye daftari lake mtaa wenye jina lake, Via Modesta Valenti, usio na nyumba hata moja. Asiye na makazi huandikishwa hapo kuwa mkazi wa Roma, na kwa ukazi huo hupata kitambulisho na daktari.

4.0 Tatizo la barua ya mtaa

Nchi hizo tatu zimetofautiana kwa mengi, lakini zote zimempa mtu mahali panapotambulika na ofisi za umma. Kwetu Tanzania hapo ndipo tunapokwama.

Kila mmoja wetu humu amewahi kuandika au kuomba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Bila barua hiyo, maombi ya Kitambulisho cha Taifa hayaendi. Bila namba ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, mtu hasajili laini ya simu. Bila laini hana akaunti ya fedha ya simu ya kuweka akiba, hivyo mpagazi wa sokoni hulala na fedha zake mfukoni na kuamka zimeibwa. Mikopo itokanayo na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inataka kikundi kinachotambulika na mtaa. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huibua walengwa wa ruzuku kwenye mkutano wa mtaa na huwaandika kwa kaya. Mtu anayelala kwenye kibaraza cha duka hana kaya na haitwi mkutanoni. Hata msamaha wa matibabu, uliowekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, mara nyingi unasubiri barua hiyo hiyo.

Nilimhudumia mzee mmoja aliyebeba mizigo sokoni zaidi ya miaka kumi. Alivunjika mguu. Hospitali ilitaka barua ya mtaa. Mtaani akaambiwa hana nyumba pale, arudi alikotoka. Tulipowasiliana na kijiji chake, tukajibiwa kwamba wazazi wake walishafariki na yeye hajaonekana huko muda mrefu. Ofisi zote zilifuata utaratibu wake, na mzee aliendelea kuumia. Wakati huohuo, mama lishe aliyekuwa akimkopesha chakula, walinzi wa usiku na waendesha bodaboda wote walimjua kwa jina, tabia na mahali anapolala. Jamii ilikwisha kumtambua. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha utambuzi huo kwenye karatasi yenye muhuri.

Nawatetea watendaji wa mitaa. Muhuri ni dhamana. Mtu akifanya uhalifu, wa kwanza kuulizwa ni aliyemwandikia barua. Tukiwataka wawe na huruma bila kuwapa waraka wa kuwalinda, tunawaonea.

Isisemwe kwamba watu hawa hawafikiki. Katika Sensa ya mwaka 2022 makarani waliwafuata usiku walipolala na kuwahesabu. Mwaka huohuo Operesheni ya Anwani za Makazi ilibandika namba kwenye nyumba nchi nzima. Taifa linajua kwamba wapo, lakini mtaa wanamolala hauna ukurasa wa kuwaandika. Badala ya kuwaandika, mara nyingi tumewakamata kwa uzururaji au kuwapakia kwenye mabasi kuwarudisha makwao, nao wamerejea. Inaumiza kuona bajeti ikitumika kurudia zoezi lisilozaa matunda.

5.0 Mapendekezo

Napendekeza, kwa heshima, kwamba:

1. TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, itoe waraka unaomruhusu mtendaji kumtambua mtu kwa mahali anapolala au kufanya kazi.
2. Kila ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iwe anwani rasmi ya wasio na makazi.
3. Misikiti, makanisa na asasi zenye kibali ziruhusiwe kupokea barua zao.
4. Utambuzi uthibitishwe na mashahidi watatu wa eneo husika, wakiwemo mama lishe, walinzi na viongozi wa soko.
5. Barua idumu miezi 12 na ihuishwe, ili mtendaji asifungwe na mtu aliyekwisha kuhama.
6. Mtendaji aliyefuata utaratibu asiwajibishwe kwa makosa ya mtu aliyetambuliwa.
7. NIDA ipange siku za kuandikisha stendi na masokoni.
8. Matibabu yatangulie, barua ifuate.
9. TASAF imtambue anayeishi peke yake nje kuwa kaya.
10. Misako ya wazururaji ikome. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zizirekebishe au kuzifuta.
11. Nyumba za gharama nafuu zikijengwa, sehemu itengwe kwa watu hawa, na majirani washirikishwe mapema.
12. Yote haya yaanze kwa majaribio katika kata chache zenye soko au stendi kubwa.

6.0 Hitimisho

Najua halmashauri zetu hazina fedha za Finland, na sipendekezi tuahidi nyumba tusizoweza kujenga. Lakini mapendekezo ya kwanza hadi ya sita hayahitaji jengo jipya wala ajira mpya. Yanahitaji waraka, daftari na muhuri ambao tayari tunao. Rasimu ya waraka nimeiambatanisha na mada hii ili wanasheria wa halmashauri waipitie. Naomba tusiondoke ukumbini kabla ya kukubaliana ni kata zipi zitaanza, na nani atawajibika kutoa taarifa baada ya miezi sita.