UGANDA: NDEGE KUBWA NA CHEO CHA RUBANI



Tarehe 28 Agosti 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Uganda iliruka kutoka Entebbe kwenda Nairobi. Shirika hilo lilikuwa limefungwa tangu mwaka 2001, na kwa miaka hiyo yote kijana wa Uganda aliyehitimu urubani, hata kama alisomea chuo cha Soroti nchini mwake, hakuwa na shirika la taifa la kumwajiri. Lilipofufuka lilianza na ndege aina ya CRJ900, kila moja viti 76, kwa safari fupi za kanda hii. Desemba 2020 ikatua Entebbe Airbus A330-800 yenye viti 258. Ya pili ikafuata Februari 2021. Rwanda ilikwisha kutangulia: RwandAir ilipokea CRJ900 mwaka 2012 na A330 mwaka 2016.

Wengi huhesabu viti vya abiria. Viko viwili vya mbele visivyouzwa tiketi, na mashaka yako huko.

Ninyi mnaovaa sare mnajua kuwa kapteni wa jeshi akihamishwa kikosi huondoka na nyota zake tatu begani. Kapteni wa ndege hana bahati hiyo. Leseni yake hutaja aina ya ndege aliyofuzu kuirusha. Akitaka nyingine hurudi darasani, kisha kwenye mtambo wa kuigizia urukaji, kisha angani chini ya mwalimu. CRJ900 huongozwa kwa usukani ulio mbele ya kifua, Airbus kwa kijiti kilicho pembeni. Hayo hujifunzwa kwa muda mfupi. Uzoefu wa kuvuka bahari usiku, mbali na kiwanja chochote, haupatikani upesi namna hiyo. Kwa hiyo aliyekuwa kapteni wa ndege ndogo mara nyingi huingia ndege kubwa kama rubani msaidizi, akiketi kulia na kupokea amri, pengine za mgeni aliyekuja kwa mkataba.

Kumwajiri mgeni mwenye maelfu ya saa angani si kosa. Abiria hawawezi kufanywa chombo cha majaribio. Kosa ni kumwajiri bila kupanga ni lini mwenyeji atakikalia kiti cha kushoto.

Tena hesabu yenyewe ni kali. CRJ tatu zikijaa hubeba watu 228 na huhitaji makapteni watatu. A330 moja hubeba zaidi ya hao kwa kapteni mmoja, ingawa safari ndefu huongezewa rubani wa kupokezana.

Anayefaidi kwanza ni mdogo. Mkubwa akihamia A330, kiti chake katika CRJ hubaki wazi, na kijana aliyekwisha kutimiza saa 1,500 zinazotakiwa kimataifa kwa leseni ya juu ya urubani anaweza kukitazamia. Mwenye miaka 28 aweza kungoja zamu yake. Mwenye miaka 52 hupiga hesabu nyingine, maana kikomo cha kimataifa kwa rubani wa ndege za abiria za namna hii ni miaka 65: ahamie akaanze tena kulia, au abaki kapteni katika CRJ, ndege ambayo ya mwisho kutoka kiwandani ilikabidhiwa mwaka 2021.