Mashine isiyomcheka mtoto

Hotuba kwa wazazi wahami, familia zilizowapokea na wakubwa wa vijiji, Salamabila



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya roboti, mzee mmoja alituuliza kama tumesahau kwamba watoto hawana hata madaftari. Hatujasahau, baba. Tumeleta habari hii kwa ajili ya watoto ambao vita vimewakatiza masomo.

Wengi wakisikia roboti wanafikiri zile za chuma zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari, kazi ya mama Thérèse Izay Kirongozi na mafundi wenzake Wakongomani. Lakini kuna nyingine, ndogo kama mtoto anayeanza kutembea, yenye kichwa na mikono, ambayo inazungumza na mtoto na kumfundisha maneno. Bei yake ni maelfu ya dola. Huko Uholanzi waliijaribu kwa watoto 194 wa miaka mitano na sita waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Matokeo yalitolewa mwaka 2019: watoto walijifunza, ila waliofundishwa na roboti pamoja na tableti hawakuwapita wale wa tableti peke yake. Basi ule mwili wa roboti si wa kutuliza sisi.

Karibu na kwetu ni Tanga, Tanzania. Kuanzia mwisho wa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa tableti za kujifunza kusoma kwa Kiswahili, zikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya hapo, zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu moja iliyoshindanishwa huko, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Akikosea, inarudia naye. Haichoki, na haimcheki.

Hapo kwenye kucheka ndipo tunataka tukae kidogo. Mnamjua kijana wa miaka 12 aliyekimbia na wazazi wake, akapoteza miaka mitatu, sasa ameketi mwaka wa kwanza pamoja na wadogo wa miaka sita. Akisoma silabi vibaya, darasa zima linacheka. Siku ya nne haonekani tena. Mkimtafuta mtamkuta machimboni, anaosha mchanga wa dhahabu. Dada yake naye yuko nyumbani na mtoto mgongoni. Tunasema umaskini ndio umewatoa shuleni, na ni kweli, lakini aibu nayo imefanya kazi yake.

Tena kuna lugha. Nyumbani ni Kibangubangu au Kibembe, barabarani ni Kiswahili chetu, shuleni Kiswahili cha kitabu, kisha Kifaransa. Mashine iliyofundishwa Kiswahili cha Tanga inaweza kumwambia mtoto wetu anayesema «bitabu» kwamba amekosa. Mtoto mhami ambaye tayari anachekwa kwa namna anavyosema, je, mashine nayo imkatalie?

Na jambo lingine, wakubwa, mnalijua kuliko sisi. Kitu kinachong'aa ndani ya nyumba usiku kinaita wenye silaha. Wakipewa wahami peke yao, wenyeji watauliza kwa nini, na wakipewa wenyeji itakuwa vilevile. Kwa hiyo hatutaomba tableti za kugawa nyumba kwa nyumba. Zikija siku moja, zikae mahali pa wote, na orodha ya watoto ifanywe na pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja.

Kwa sasa tumeanza na kile ambacho mashine inafanya na sisi tunaweza kufanya. Chini ya mwembe, kitabu kimoja kwa watoto saba, mkubwa anasoma na mdogo anarudia. Sharti ni moja: anayecheka anatoka. Mtoto anaruhusiwa kusema neno kwanza kwa lugha ya nyumbani kwao.

Tulikosea mwanzoni. Tuliwachagua wenyeji tu kuwa wasomaji, kwani wao hawakuwa wamekatiza masomo. Mama mmoja mhami akatuambia: «Kwa hiyo hata hapa watoto wetu ni wa kusikiliza tu?» Alikuwa na haki. Sasa wanasoma wawili wawili, mhami mmoja na mwenyeji mmoja, na zamu zinabadilishana. Kijana mmoja mhami anayesoma polepole sana ndiye wadogo wanayempenda zaidi, kwa sababu anawangojea.

Tunawaomba wakubwa wa vijiji watuonyeshe mahali pengine pawili penye kivuli, karibu na nyumba, ili wasichana wafike hata wakiwa na wadogo wao mgongoni. Saa tisa ya mchana inafaa, kazi ya shamba ikiwa imeisha. Mwenye kitabu chochote cha Kiswahili, hata kilichopoteza jalada, akilete Jumamosi.