Mtumishi Mbele ya Foleni

Neno la leo latoka katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 12.

Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli wote akawataka wamshitaki. Kama alimnyang'anya mtu ng'ombe au punda, kama alipokea rushwa, waseme, naye atarudisha. Hakuonekana wa kumshitaki. Sisi tuliomo Turkana twajua uzito wa jambo hilo, maana kwetu mnyama ni uhai wa nyumba nzima. Lakini mlango wa 8 watusikitisha: wana wa Samweli huyo huyo, walipowekwa kuwa waamuzi, walipokea rushwa. Walilelewa katika nyumba ya haki. Sheria waliijua. Mbona basi wakaanguka?

Ndugu, twapenda kudhani kwamba ajuaye mema atatenda mema. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, John Darley na Daniel Batson, walitoa habari za jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba, na baadhi yao hotuba yao ilihusu Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejiinamia mlangoni, akikohoa na kuugua. Kati ya wale walioambiwa kwamba wana nafasi, wapata 6 katika kila 10 walimsaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa sana, ni 1 tu katika 10. Haraka ilishinda hotuba waliyoibeba kichwani.

Hivyo ndivyo tulivyo. Mambo yanayotuzunguka hutusukuma kuliko tunavyokiri. Mtazameni mtumishi aliyeketi mezani huko Lodwar, makao makuu ya kaunti yetu tangu 2013, au Kakuma, ambako wakimbizi wamekuwa wakipokelewa tangu 1992. Mbele yake ni foleni ndefu juani. Nyuma yake ni jamaa wanaongoja karo ya shule. Kando yake ni mwenzake achukuaye "kitu kidogo" wala haulizwi. Siku ya kwanza moyo humchoma. Siku ya kumi hujiambia, "Kila mtu anafanya." Mwishowe hamwoni tena mama aliyetembea tangu usiku; aona karatasi tu.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kwamba uchunguzi huko Kakuma ulipata ushahidi wa udanganyifu, uliowahusu baadhi ya wafanyakazi, katika kazi ya kuwapeleka wakimbizi kupata makao nchi nyingine. Na huduma hiyo ni ya bure!

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, yamtaka mtumishi wa umma awe mwadilifu. Ni sheria njema. Lakini wana wa Samweli nao walikuwa na sheria. Tufanyeje?

Kwanza, mtumishi akate shauri kabla hajaketi mezani, maana akiisha kuanza kubembelezwa, amechelewa. Pili, asisimame peke yake. Awe na ndugu mmoja wa kumwuliza waziwazi kila juma, kama Samweli alivyojiweka mbele ya watu. Tatu, sisi jamaa na washirika tusimtwishe mzigo. Mwana wetu apatapo kazi Lodwar, tusimwulize, "Umetuletea nini?" Tumwulize, "Leo umemtendea nani haki?" Na kanisani, kiti cha mbele kisiwe malipo ya sadaka ambayo hakuna athubutuye kuuliza ilikotoka.

Neema ya Mungu hubadili moyo, nayo hutupa pia ndugu wa kutushika mkono.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wote wanaoketi mezani leo, na wote wanaosimama kwenye foleni. Uwape hao macho ya kuona, na hawa haki yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.