Mke wa Mbunge Hakupigiwa Kura

(Maneno yaliyotolewa kwa kamati za parokia, Bukoba na Muleba)



Tunapenda tuzungumze juu ya mtu ambaye jina lake huandikwa kwenye kadi nyingi za harambee, lakini halikuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura: mke wa mbunge, au wa diwani. Hana ofisi wala mshahara wa kazi hiyo. Hata hivyo, kabla hakujapambazuka wageni wameshafika uani. Huyu ana shida ya ada ya mtoto, huyu ya jeneza, yule ya nauli ya kwenda hospitali Bukoba mjini. Akitoa kidogo, ni mchoyo. Akitoa kingi, watu wanauliza fedha zimetoka wapi. Akikosa msiba mmoja, habari zinafika hadi Kamachumu.

Mama Maria Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliolewa mwaka 1953. Miaka miwili baadaye Mwalimu aliacha kufundisha Pugu kwa ajili ya TANU, na mshahara ukakoma. Mama akawa anauza mafuta ya taa katika duka dogo Dar es Salaam ili nyumba ipate chakula. Duka hilo husahaulika upesi TANU inapotajwa.

Wengine walipata njia tofauti. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, na Mama Salma Kikwete akaanzisha WAMA mwaka 2006. Maombi yakawa na mahali pa kupelekwa. Mke wa mbunge wa huku kwetu ana mkoba wake tu.

Kisha kuna sheria. Takrima iliruhusiwa mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja mwaka 2010. Kwa hiyo barua ya kuomba bati, ikipelekwa kwa Mama miezi ya kampeni, si ombi dogo. Inaweza kuja kusomwa katika shauri la uchaguzi, na mhuri wa parokia juu yake.

Tangu mwaka 2021 mwenza wa Rais ni mwanamume, Mzee Hafidh Ameir, naye huonekana hadharani kwa nadra. Sisi hatujasikia akilaumiwa kwa hilo. Kwa nini mama asiachiwe vivyo hivyo?

Tunaziomba kamati ziandike maombi kwa mbunge mwenyewe, ofisini kwake, nje ya majira ya uchaguzi, na stakabadhi itolewe. Na Mama akija kusali Jumapili, aachwe akae anapopenda.