STIMA IKIKATWA KWA TANGAZO, SIKU YA NANI HUPOTEA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nambale)



Nataka kusema juu ya kukatwa stima. Sisemi lile giza la ghafla, kama la usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 lililoenea karibu nchi nzima bila mtu kujua mapema. Nasema lile ambalo Kenya Power hulitangaza mbele: siku fulani, mahali fulani, mara nyingi tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Hukatwa ili watengeneze laini, waunge wateja wapya, au wahamishe nguzo barabara inapojengwa.

Saa 8 hizo ni kutwa nzima ya kazi. Hapa Nambale mashine ya kusaga hunyamaza, fundi wa kuchomelea hukunja mikono, kinyozi hukaa mlangoni. Na desturi mbaya imeingia. Tajiri amesoma tangazo, lakini hakumwambia mtu. Kijana wa mashine anafika saa 1 asubuhi, anaambiwa, "Leo hakuna stima, rudi nyumbani." Jioni hana hata shilingi ya unga, naye ndiye asagaye unga wa watu. Hiyo si haki. Hasara iliyojulikana mapema yaweza kupunguzwa, na inayobaki isibebwe na mmoja tu.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, tangazo libandikwe ukutani siku lionekanapo, kila mtu alisome. Wateja nao waambiwe. Mama mwenye mihogo na mtama wake aulete jana yake, asije akarudi na gunia kichwani.

Pili, saa za kazi zihamishwe kwa mapatano. Mashine yaweza kusaga tangu saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, kisha jioni stima irudipo. Lakini anayefanya kazi asubuhi na usiku ahesabiwe saa zake zote. Mchana zifanywe kazi zisizotaka stima: kusafisha mashine, kutia grisi, kukaza mikanda, kupaka rangi madirisha yaliyokwisha chomelewa. Kazi haikosi, hukosa kupangwa tu.

Tatu, tulinde mali. Friza iliyojaa, ikikaa imefungwa, huweza kushika baridi kiasi cha saa 48, na iliyojaa nusu kiasi cha saa 24. Lakini friji ya kawaida ni saa 4 tu; kwa hiyo maziwa yauzwe mapema au yawekewe barafu. Zimeni swichi za mashine zote kabla ya stima kukatwa. Ikirudi, mota ya laini tatu ikikosa laini moja hunguruma, hupata moto, na waya zake huungua. Ngojeni kidogo, kisha washeni moja moja.

Nne, na hili ni la uhai. Mwenye jenereta asiiwashe ndani ya duka, kwa sababu moshi wake huua mtu bila yeye kujua. Wala asiichomeke katika soketi ya ukutani pasipo swichi ya kubadilishia. Moto wake wa volti 240 utarudi nyuma mpaka kwenye transfoma, na huko utageuka kuwa volti 11,000 katika laini ambayo watu wanaamini imezimwa. Aliye juu ya nguzo ni mfanya kazi kama sisi, naye ana watoto. Tusimwue ndugu yetu kwa ajili ya kuuza soda baridi.

Sasa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakuja kazini bila ruhusa wala sababu ya halali. Mwenye mshahara wa mwezi aliyefika kazini akakuta stima imekatwa hakukosa kazi. Tena kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimetimia kiasi cha mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi wenu mnaitwa vibarua mwaka wa pili sasa. Andikeni siku zenu katika daftari.

Kwa kibarua wa kweli wa siku moja, twaomba angalau aambiwe jana yake, apate kutafuta kazi kwingine.

Najua matajiri wengi hapa ni wadogo, nao huumia. Ndiyo sababu nasema mketi pamoja tangazo litokapo, si asubuhi ya giza. Tahadhari kabla ya hatari. Kila mmoja wenu arudi kazini kesho na kuuliza jambo moja: siku ya kukatwa stima, tutafanya nini, na nani atalipwa? Jibu liandikwe kabla ya tangazo lijalo.