Faini ya Makambako na Fomu ya Udaktari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Njombe)



Nimeombwa nizungumze na vijana wa sayansi juu ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Wapo watakaoshangaa, maana mimi si daktari, ni mtu wa majalada ya serikali, na wenzangu wa darasa hawachoki kunitania kwa hilo. Lakini nilisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia katika madarasa haya haya, nikafaulu, na udaktari sikuuomba. Sababu yake sijapata kuisema hadharani. Leo nitaisema, kwa kuwa sidhani kama nilikuwa wa mwisho.

Baada ya mtihani wa kidato cha sita nilishuka Makambako kutafuta kibarua. Mnaijua Makambako: barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, reli ya TAZARA ipo hapo hapo, na kijana mwenye mabega hakosi kazi. Nilikuwa napakia viazi kwenye malori. Jioni moja dalali alitulipa pungufu ya tulivyopatana. Maneno yakazidi, nikampiga ngumi. Hakuumia sana, lakini alikwenda kushtaki, nami nikalala rumande. Nilikuwa na umri wa miaka 19.

Kesho yake, kabla sijaitwa mbele ya hakimu, mtu mzima mmoja aliyekuwa na kesi yake pale alininong'oneza: "Kubali yaishe, kijana. Ukibisha utarudi ndani." Niliposomewa shtaka nikajibu, "Ni kweli." Nikatozwa faini. Baba mdogo aliuza magunia mawili ya mahindi akanitoa, na njia nzima ya kurudi Njombe hakunisemesha.

Nyumbani nikaambiwa na watu walioonekana kujua kwamba mwenye kesi hawezi kuwa daktari wa serikali. Fomu za chuo kikuu zilipofika nikaomba masomo mengine. Angalieni vizuri hapo. Hakuna chuo kilichonikataa wala ofisi iliyoniandikia barua. Sikumwuliza mwalimu, sikuandika barua Muhimbili kuuliza. Nilijinyima mwenyewe, kwa maneno ya kilabuni.

Miaka ikapita, nikaomba kazi serikalini. Fomu niliyopewa ilikuwa na swali lile lile nililoliogopa: je, umewahi kupatikana na hatia mahakamani? Nilikaa nayo siku tatu. Mwishowe nikaandika "Ndiyo", nikataja mwaka, kosa na faini. Niliitwa nieleze, nikaeleza. Yule mzee wa usaili aliniuliza kama dalali alinilipa hatimaye. Nikasema hapana. Akacheka, akaenda swali la pili. Nikaajiriwa.

Sasa niwaambie ninayoyajua, si kama wakili, bali kama mtu aliyejifunza kwa kuchelewa.

La kwanza ni hilo la "kubali yaishe". Kesi haiishi kwa kukubali. Ukikiri kosa mwenyewe unakuwa umepatikana na hatia, na kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa juu ya hatia hiyo, ila juu ya adhabu tu. Kama hukutenda, sema hukutenda. Kama ulitenda lakini maelezo yanayosomwa si sahihi, sema hayo si sahihi. Na kwa jambo dogo kama shambulio la kawaida, sheria inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano. Laiti ningejua, ningemwomba dalali radhi kwa ile ngumi, na yeye nikamdai hela yangu. Tangu mwaka 2017 ipo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Aliye chini ya miaka 18 ana njia yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka Mahakama ya Watoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa hiyo mkikamatwa, tajeni umri wenu wa kweli. Nasikia wapo wanaojiongezea miaka ili waonekane wanaume!

Juu ya udahili wenyewe: tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au Mbeya. Ushindani mkubwa uko kwenye alama zenu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Someni fomu ya kila chuo mpaka mstari wa mwisho. Kisichoulizwa hamlazimiki kukitangaza. Kikiulizwa, jibuni kweli, kwa sentensi chache, bila kumlaumu dalali.

Safari ya daktari haiishii chuoni. Ni miaka 5 ya masomo, mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili, na lina madaraka ya kumwajibisha daktari. Mtu huyu ataachiwa funguo za kabati la dawa za kulevya. Atawaona mama zetu wakiwa hawana nguo. Ndiyo maana ngumi ya miaka 19 na cheti cha kughushi si mzigo mmoja. Anayeficha leo, akija kutakiwa alama za vidole polisi, ataeleza makosa mawili, na la pili ndilo litakalomwangusha.

Sitawadanganya kwamba ukweli hulipwa papo hapo. Mwaka 2008 magazeti ya Uingereza yaliandika habari za kijana mwenye alama za juu kabisa, aliyekuwa na kosa la wizi wa kuvunja nyumba alilotenda akiwa mwanafunzi. Chuo kimoja cha London kilimwondolea nafasi. Manchester wakampokea. Alipata kwa sababu aliomba tena, jambo ambalo mimi sikulifanya hata mara moja.

Mwenye hukumu ya aina hiyo, au mwenye ndugu yake, aende mahakamani akaombe nakala, na kama alitozwa faini aitafute stakabadhi. Yangu ninayo, imefifia, nimekuja nayo. Baada ya chakula nitakuwa chini ya miti ile karibu na maabara hadi saa kumi. Njooni mmoja mmoja, na sitamwuliza mtu jina lake.